Kuponi ya Viatu

Binti yangu Dorota amekuja na maboksi matatu
na kalamu nene nyeusi.
La kwanza ameliandika BAKI, la pili GAWA,
la tatu hakuliandika kitu,
kwa adabu.

Ghorofa ya nne, Lodz, nyumba ya kabla ya vita.
Vidato vya mbao sabini na viwili.
Navijua kama ninavyoyajua meno yangu:
kinachocheza ni cha arobaini na moja.

Siku zangu hazina makuu. Saa kumi na moja alfajiri niko macho.
Kiwanda cha nguo kilifungwa zamani,
ila king'ora chake hakijapata habari,
kingali kinalia humu kichwani.
Nachemsha maji. Nahesabu vidonge: cheupe, cheupe, cha waridi.
Nawamwagia njiwa makombo, wagombane.
Kisha nashuka kwa Bi Halina wa ghorofa ya pili
kumwuliza kama yu hai.
"Leo bado," hunijibu, na kufunga mlango.

Basi. Hebu mtu anipakilie hayo kwenye boksi.

"Mama, sufuria tisa za nini kwa mtu mmoja?"
Moja ya supu, nasema.
Nane zinangoja ile moja itoboke.
Mjukuu wangu Kacper anacheka.
Dorota hacheki, anaandika.

Mwavuli uliobaki mbavu.
Chupa za matango ya siki ya mwaka juzi.
Soksi za marehemu Zdzislaw, jozi kumi na nne,
nilizitia viraka kwa mkono wangu,
zote nzima, miguu ndiyo haipo.
GAWA. Haya, gawa.
Husemwa mali bila daftari huisha bila habari.
Yangu ina daftari: vumbi.
Kila kitu kikiinuliwa huacha mahali pake pamechorwa,
duara, mraba, duara.

Kwenye kopo la biskuti, chini ya vifungo,
Kacper amekuta vikaratasi.
"Bibi, hizi ni pesa?"
Si pesa, mwanangu. Ni ruhusa ya kutumia pesa.
Nikamweleza: nyama, sukari, sabuni,
kila mwezi na vijimraba vyake,
muuzaji na mkasi wake, kwacha, kwacha,
na foleni tulizozianza usiku wa manane kwenye theluji,
mmoja akilala amesimama, mwingine akimshikia nafasi.
Alinisikiliza kama nasimulia mambo ya mafarao.

Kisha akainua moja kwenye mwanga.
"Na hii mbona haijakatwa?
Viatu vya mtoto. Machi, themanini na tatu."

Dorota aliacha kuandika.
Yeye alizaliwa mwaka uliofuata.
Tukaisikia saa ya ukutani,
na njiwa, wajinga wale, bado wanagombana.

"Dukani hapakuwa na saizi," nikasema.

Na ni kweli. Hapakuwa.
Sikusema kwamba alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama,
vidole vinne na gumba, ameng'ang'ania
kiti hiki hiki cha jikoni
kilichokwisha kuburutwa hadi mlangoni, upande wa GAWA.

"Kiti kibaki," nikasema.
"Mama, mguu mmoja umelegea."
"Na mimi pia. Mbona hamjaniandika?"

Alinitazama muda mrefu, huyu binti yangu,
jinsi anavyotazama bili ya gesi asiyoielewa.
Hakuuliza. Akakinyanyua kiti, akakirudisha mezani,
akakikalia.
Tukanywa chai. Sukari tele, bila ya kuponi.

Kacper aliomba moja ya kumbukumbu.
Nilimpa ya nyama.
Ile nyingine niliizika tena chini ya vifungo,
nikakaza kifuniko kwa kiganja.

Wakaondoka jioni, maboksi mawili mikononi.
Nilisimama mlangoni bila kuwasha taa,
nikisikiliza viatu vyao vikishuka
mpaka cha arobaini na moja kikaguna,
mara moja, kwa Dorota,
na mara ya pili.